Vibogoyo Wawili wa Nyumba Moja

Mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 44. Aliyepimwa alikuwa mama wa miaka 76, mkazi wa Ilala jijini Dar es Salaam, aliyeletwa kituo cha afya na mwanawe wa kiume pamoja na mkwewe. Kadi yake ilionyesha kuwa miezi 11 kabla ya siku hiyo alikuwa na kilo 52. Kwa urefu wake wa sentimita 157, uwiano wa uzito na urefu ulikuwa umeshuka chini ya 18, ilhali kiwango ambacho mtu mzima hatakiwi kuwa chini yake ni 18.5.

Mzee anayepoteza asilimia 5 ya uzito wake ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kukusudia anastahili kuchunguzwa. Huyu alikuwa amepoteza asilimia 15. Alipimwa makohozi, sukari, damu, VVU, figo, ini na tezi ya shingo. Akapigwa picha ya kifua na ya tumbo. Akaulizwa pia kuhusu usingizi na huzuni, kwa kuwa sonona kwa wazee hujificha nyuma ya kukosa hamu ya kula. Hakuna kilichoonekana. Kwa mkwewe, jambo lililomtatanisha zaidi ni kwamba mama alikuwa akila. Sahani yake ilirudi jikoni tupu kila siku, mchana na usiku, na ndani yake hakubaki hata mwiba.

Jibu lilipatikana nyumbani, wala halikuhitaji kipimo chochote. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii alifika siku moja saa saba na nusu mchana, wakati chakula kikiwa kinapakuliwa. Akabisha hodi, akatoa shikamoo, akaitikiwa marahaba na kukaribishwa mkekani. Mlo ulikuwa wali, changu wa kukaanga na mchicha. Bibi alikaa pembeni, karibu na mlango wa uani, na ubavuni pake alilala paka mzee mwenye mistari ya kijivu. Mhudumu aliona mkono wa bibi ukimega samaki, ukimchovya mchuzini, kisha ukishuka chini ya khanga. Paka akameza. Mkono ukarudi sahanini, ukachukua tonge dogo la wali uliolowa mchuzi, likaenda kinywani. Tonge la nne halikufuatiwa na lingine. Samaki wote walikwenda kwa paka.

Paka huyo naye alikuwa kibogoyo. Meno yake ya mwisho yaling'olewa na daktari wa mifugo miaka 2 iliyokuwa imepita, kwa sababu ya maradhi ya fizi. Hata hivyo manyoya yake yaling'aa, na mgongo wake ulikuwa umejaa. Mhudumu alipouliza kwa upole kwa nini bibi hali samaki, alijibiwa kwa maneno machache: “Mjukuu wangu, huyu hana meno lakini anameza. Mimi nikimeza, nakabwa.”

Taya la paka na taya la mtu

Katika maneno hayo mama huyo alieleza somo la anatomia kwa usahihi ambao si kila mhitimu angeufikia. Paka mzima ana meno 30, na karibu yote ni visu. Chonge zake ni za kukamata na kuua. Magego yake hupishana mithili ya makali ya mkasi, hukata nyama vipande vinavyopita kooni, basi. Taya lake hufunguka na kufungwa juu na chini, na mwendo wake wa kwenda kando ni mdogo mno. Paka hasagi chakula. Mate yake hayaanzi kazi ya kuvunja wanga, kama yafanyavyo mate ya mtu, kwa hiyo hapotezi kitu kwa kumeza haraka. Kazi kubwa hufanywa na tumbo lake lenye asidi kali. Ndiyo maana paka aliyeng'olewa meno yote, fizi zikishapona, mara nyingi hula vizuri kuliko alivyokula alipokuwa na meno mabovu yenye maumivu. Kwake, kikwazo kilikuwa maumivu.

Mtu yuko mbali na hapo. Magego ya mtu ni mawe ya kusagia. Taya lake huzunguka, ulimi husukuma chakula katikati ya meno, mate huchanganyika nacho hadi kipatikane kidonge laini kinachoteleza kooni bila kuingia katika njia ya hewa. Ondoa magego, na mnyororo wote hukatika mwanzoni. Nyama humezwa ikiwa na nyuzi ndefu, au hutemwa, au haiguswi kabisa. Wazee wengi huchagua hili la tatu, na hulichagua kimya kimya.

Wataalamu wa kinywa hukadiria kuwa mtu akibaki na meno yake 20 yaliyopangika vema, anaweza kutafuna vyakula vingi bila taabu kubwa. Japani ilianzisha mwaka 1989 kampeni ya kitaifa iitwayo 8020, maana yake kufika miaka 80 ukiwa na meno 20. Mama wa Ilala alibakiwa na meno 2 ya mbele chini, nayo yalikuwa yakicheza.

Je, meno ya bandia? Alikuwa nayo. Yalikaa kabatini ndani ya kopo la chai, yamefungwa kitambaa safi. Yalitengenezwa miaka 9 kabla, yakamkaa vizuri, kisha yakaanza kuruka kila anapotafuna na kumchubua fizi. Jambo hili familia nyingi hulitafsiri kama ukaidi wa uzee, nalo lina sababu iliyo wazi. Jino likishatoka, mfupa wa taya uliolishikilia huanza kuyeyuka, na huendelea kupungua mwaka hadi mwaka. Meno ya bandia hayapungui. Kwa hiyo kinachokaa sawasawa leo hulegea kesho, na hutakiwa kurudishwa kwa fundi kijazwe upande wa ndani au kitengenezwe upya. Mzee huyu hakuwa ameelezwa. Alidhani yameharibika, na gharama ya mengine hakutaka kumtwika mwanawe mwenye watoto wanne shuleni.

Sinia la familia

Yawezekana kuuliza kwa nini hakusema. Neno lenyewe, kibogoyo, linatoa jibu. Watoto hulitumia kutaniana meno ya utotoni yanapong'oka, na mtu mzima akiitwa hivyo huona amevuliwa heshima. Tena mkwe wake alikuwa mpishi hodari, aliyekwenda mwenyewe Feri asubuhi kuchagua samaki, na mama hakuwa tayari kumwambia kwamba chakula chake hakiliki. Hofu kubwa zaidi ilikuwa kupikiwa kando. Kupikiwa kando ni kuondolewa kwenye sinia, na anayeondolewa kwenye sinia huona kama ameanza kuondolewa nyumbani.

Mkwe aliposikia habari hii alilia. Kisha, kama wengi wafanyavyo kwa mapenzi, akakimbilia uji. Kwa siku kumi mama alipewa uji mwepesi wa mahindi asubuhi, mchana na jioni. Hapa ndipo wahudumu wa afya wanapopaswa kuwa macho, maana ushauri wa “mpeni vitu laini” ukitolewa mlangoni bila maelezo huleta uji mtupu. Mzee anahitaji protini ipatayo gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mama huyu, akilengwa uzito wa kilo 50, ni gramu 50 hadi 60. Kikombe cha uji mwepesi wa mahindi hutoa takriban gramu 2. Angehitaji vikombe 25 kwa siku. Yai moja hutoa gramu 6, kikombe cha maziwa gramu 8, na samaki aliyepikwa wa gramu 100 hutoa 20 au zaidi.

Ulaini haupatikani kwa maji pekee. Maji huongeza ujazo na kupunguza lishe, na tumbo la mzee hujaa upesi. Chakula hulainishwa kwa kukipika muda mrefu, kukitwanga, kukichambua na kukilowesha kwa kitu chenye nguvu: tui la nazi, maziwa, siagi, mchuzi mzito. Mapishi ya Afrika Mashariki yamelijua hili zamani, kabla ya blenda kuingia jikoni. Bokoboko la pwani, ngano na nyama zilizopikwa hadi zikaachana kisha zikapondwa kwa mwiko, ni chakula cha harusi na cha sikukuu ambacho mtu asiye na jino hata moja hukila bila msaada; Waomani wana chao cha namna hiyo, harisi. Mtori wa Kilimanjaro, ndizi zilizopondwa katika supu ya nyama, hupewa mzazi ili apate nguvu, na hakuna kinachozuia kumpa bibi yake pia, mradi nyama isagwe au ichambuliwe nyuzi fupi. Kunde na maharage yaliyolala majini usiku kucha, yakachemshwa na kupondwa kwa tui, hushuka vizuri. Dagaa wakaangwe kavu, watwangwe kinuni na kuchekechwa. Vijiko viwili vya unga wao ndani ya mchicha wa nazi huleta protini na chokaa ya mifupa kwa pamoja.

Kipimo cha ukubwa wa vipande ni uma. Katika mizania ya kimataifa ya ulaini wa chakula, yenye ngazi 0 hadi 7, chakula cha kusagwa chenye unyevu kiko ngazi ya 5, na vipande vyake kwa mtu mzima havipaswi kuzidi milimita 4, ambayo ni takriban nafasi iliyopo kati ya meno mawili ya uma wa kawaida. Kikibonyezwa kwa uma kinatakiwa kupondeka kwa urahisi. Samaki achambuliwe kwa vidole, mara mbili, na mtu mwenye macho mazuri. Mwiba uliokwama kooni mwa mzee unaweza kumpeleka chumba cha upasuaji. Mzee anayekohoa kila anapokula, au ambaye sauti yake hubadilika kana kwamba ana maji kooni baada ya kumeza, ana tatizo lingine zaidi ya meno, na apelekwe kwa daktari kabla ya kubadilishiwa chakula nyumbani. Hali kadhalika aliyewahi kupata kiharusi.

Kuhusu sinia, mkwe alipata ufumbuzi ambao haukuwemo katika kitabu chochote. Hakumpikia mama kando. Alibadilisha mlo wa nyumba nzima mara tatu kwa wiki. Ijumaa ikawa siku ya bokoboko. Siku nyingine samaki wa kupaka, aliyechambuliwa akiwa bado jikoni, akatandazwa juu ya wali laini upande wa sinia anapokaa mama. Watoto walidhani ni mtindo mpya wa kupakua.

Bakuli la paka

Huyu wa pili sasa akabaki bila riziki. Mama alikuwa anakula samaki wake mwenyewe, na paka akaanza kupewa uji uliosalia, ukichanganywa na maziwa na sukari kidogo ili apendezwe. Aliunusa, akaondoka. Siku ya pili aliramba kidogo, akaharisha.

Wapo watakaoona kwamba habari za paka hazina nafasi katika kurasa za afya ya binadamu. Mama huyu angewashangaa. Alikuwa mjane wa miaka 6, mchana kutwa yu peke yake, na aliweka wazi kwa mhudumu kwamba kama paka hatakula, mkono wake utarudi chini ya khanga. Matibabu ya mgonjwa huyu yasingedumu bila kumpatia paka chakula chake.

Paka ni mla nyama kwa maumbile. Hawezi kuonja utamu wa sukari. Mwaka 2005 ilibainishwa kuwa jeni inayohusika na kionjo hicho imekufa katika ukoo wake. Wengi wao wakishakua hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa, na ndipo wanapoharisha. Muhimu kuliko yote, mwili wa paka hauwezi kujitengenezea taurini ya kutosha, kirutubishi kinachopatikana katika nyama na samaki na kukosekana kabisa katika nafaka. Akiikosa kwa miezi mingi, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga huharibika, na misuli ya moyo hulegea na kutanuka. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California kule Davis walionyesha kwamba maradhi hayo ya moyo yalitokana na upungufu wa taurini, na kwamba paka wengi walipata nafuu walipoongezewa. Uji, kwa paka, ni njaa ya polepole.

Chakula salama zaidi kwa paka kibogoyo ni kile cha kopo kilichoandikwa kuwa ni chakula kamili cha paka mzima. Robo tatu yake au zaidi ni maji, jambo linalomfaa mzee ambaye figo zake zimeanza kuchoka. Mwenye kilo 4 hutosheka na takriban gramu 200 hadi 250 kwa siku, zikigawanywa mara nne. Lakini makopo hayo ni ghali, na mfuko wa mwanawe ulikuwa ule ule. Afisa mifugo alipoulizwa alipendekeza njia ya kati: kopo dogo kila siku, na kilichobaki kijazwe na nyama ya kuku, moyo wa ng'ombe au samaki, vikichemshwa bila chumvi na kupondwa kwa uma pamoja na supu yake. Supu isimwagwe, kwani taurini huyeyukia humo. Dagaa waliotwangwa na mifupa yao huongezwa kidogo kwa ajili ya chokaa, wakiwa wameoshwa chumvi. Ini lisizidi kipande kidogo mara moja kwa wiki, maana vitamini A ikizidi kwa muda mrefu huota mifupa isiyotakiwa shingoni mwa paka.

Mabaki ya mchuzi yasitumike kulainishia. Kitunguu maji na kitunguu saumu huvunja chembe nyekundu za damu ya paka, vikiwa vibichi au vimepikwa, na mchuzi wa pwani usio na kitunguu haujapatikana. Samaki na nyama visitolewe vibichi: baadhi ya samaki wabichi huharibu vitamini B1, na nyama mbichi huweza kumwambukiza paka tokso, vimelea ambavyo ni hatari kwa mjamzito aliyemo nyumbani. Mifupa na miiba iondolewe yote. Asiye na meno hatofautishi mwiba na nyama, ataumeza.

Chakula kiwe vuguvugu, kadiri ya joto la mwili. Paka hula kwa pua kwanza, na chakula kilichotoka kwenye friji hakina harufu. Sahani iwe pana na tambarare ili ulimi ufanye kazi bila kuhangaika pembezoni. Kilichobaki baada ya nusu saa kiondolewe, hasa katika joto la Dar es Salaam. Paka akikataa kula kabisa kwa siku mbili asisubiriwe, kwa sababu mwili wake hupeleka mafuta kwenye ini kwa wingi hadi ini lishindwe. Aonwe na daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kwa anayekula sana lakini anakonda, anayekunywa maji kuliko kawaida, au anayetokwa udenda na kunuka kinywa: figo, kisukari, tezi ya shingo au kipande cha mzizi wa jino kilichosahaulika ufizini ni miongoni mwa sababu.

Mhudumu aliongeza maagizo mawili kwa ajili ya watu. Bakuli la paka lioshwe kwa sifongo yake, na mikono ya bibi ioshwe kwa sabuni kabla hajarudi kwenye tonge lake. Na ikitokea paka yeyote akamng'ata au kumkwaruza mtu, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha mtu aende kituo cha afya siku hiyo hiyo kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Kibogoyo haumi, lakini ana kucha, na hulamba kucha zake. Wa nyumba hii alipelekwa kuchanjwa wiki iliyofuata.

Miezi 3 baadaye mizani ililetwa nyumbani. Mama alipanda kwanza: kilo 47 na nusu. Meno yake ya bandia yalikuwa kwa fundi yakijazwa, na miadi ilikuwa Jumanne. Kisha, kwa kuwa paka hatulii juu ya mizani, mama alishikilia apimwe tena akiwa amempakata, ili ule wa mama utolewe katika jumla. Jumla ilikuwa kilo 51 na robo. Mhudumu akaandika zote mbili kwenye kadi ile ile, wa paka kwa penseli pembeni, kisha akaulizwa kama angekaa kidogo, maana bokoboko lilikuwa linakaribia kuiva.